Leza inawaka katikati, kona zote giza: nianzie wapi kusawazisha?

Swali limetoka kwa msomaji wa Moshi: "Shikamoo mwalimu. Nasoma masters, natengeneza hadubini ya fluoresensi (sampuli iliyotiwa rangi inawaka yenyewe ikipigwa mwanga) ya kuangalia vimelea vya ndorobo kwenye damu ya ng'ombe. Natumia rangi ya akridini oranji na leza ya daiodi ya nanomita 488, miliwati 60. Objektivu, ile lenzi inayokaa karibu na slaidi, ni 40x, kamera sensa yake milimita 7.2 kwa 5.4. Katikati ya picha panawaka vizuri ila kona zote giza, programu ya kuhesabu inaviruka vimelea vya pembeni. Baadaye nataka kuvirekodi vikiwa hai, kila picha milisekunde 10. Msimamizi anasema nirekebishe kwa kompyuta, mwenzangu anasema niagize kile kifaa cha lenzi cha kubadilisha umbo la leza, na bei yake imenitisha. Wewe unasemaje?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe halafu ndo nieleze: hicho kifaa usiagize, kompyuta itumie ila iwe ya mwisho kabisa, na hela uliyonayo nunua faiba nene ya maikroni 400 pamoja na vimota viwili vya kutetemesha simu. Naandika kwa urefu kwa sababu huku kwetu nimeona watu wananunua faiba sahihi kabisa halafu wanaifunga sehemu isiyo yenyewe, picha inabaki vilevile, wanaiweka kabatini wakisema faiba haifanyi kazi, na inaniuma maana inafanya kazi vizuri sana, shida ni kujua kitu gani kionekane wapi.

Kesho asubuhi kabla mawingu hayajapanda toka nje uangalie Kibo. Mimi huku Arusha nikitoka nje naona Meru. Meru ukiuangalia toka mjini una ncha, na toka kwenye ile ncha unashuka tu mpaka chini, hamna sehemu utasema hapa ni tambarare. Kibo kwa nyie wa Moshi juu ni bapa halafu pembeni ndo panaporomoka. Sasa leza inavyotoka, ukichora ukali wa mwanga toka pembe moja mpaka nyingine, unapata Meru. Sisi tunataka Kibo. Kazi yote hii ya kusawazisha mwanga ni kuugeuza Meru uwe Kibo bila kuumwaga mwanga njiani, na kila njia unayoisikia ina gharama yake: nyingine inakula mwanga, nyingine inaleta chengachenga, nyingine inakula pesa.

Umbo hilo la Meru linaitwa Gausi, na lina tabia moja ambayo ukiishika nusu ya maamuzi yako yameisha. Chukua duara lolote ambalo kitovu chake ni katikati ya mwanga. Angalia pale ukingoni mwa duara mwanga umebaki asilimia ngapi ya ule wa katikati. Toa hiyo namba kwenye 100, utakachopata ndo asilimia ya mwanga wote uliomo ndani ya hilo duara. Yaani ukitaka ukingoni pabaki 90, ndani umo 10 tu, ile 90 yote imemwagika nje. Ukiridhika na 80 ukingoni unapata 20. Na ule upana wa leza unaoandikwa kwenye karatasi yake, kawaida ni pale ambapo ukingoni pamebaki asilimia 13.5, ndo maana ndani yake kuna 86.5. Namba hazidanganyi hapo, usawa kwenye Gausi unaununua kwa kumwaga mwanga.

Tuipeleke kwako. Sensa ya 7.2 kwa 5.4 ulalo wake ni milimita 9 kamili, ukigawanya kwa 40 unapata maikroni 225 pale kwenye slaidi. Ukiitanua leza mpaka kona ziwe na asilimia 90 ya katikati, ndani ya duara la hizo kona una asilimia 10 ya mwanga, na mstatili wa sensa unachukua kama 61 kwa 100 ya duara, kwahiyo kinachofika sehemu unayoiona ni kama asilimia 6. Kwa miliwati 60 zako unabaki na karibu 4. Na hizo 4 usizidharau, kwa slaidi iliyokauka yenye akridini oranji zinatosha kuhesabu vizuri tu, sehemu yenyewe unayoimulika ni ndogo mno. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa cha kujaribu ni kuongeza lenzi mbili za kuitanua leza, ni kazi ya jioni moja. Kinachonifanya nisiishie hapo ni vitu viwili. Kwanza leza ya daiodi haitoi duara, inatoa yai, tena mara nyingi lina michirizi pembeni, na ukilitanua yai unapata yai kubwa. Pili kila punje ya vumbi kwenye lenzi inachora pete zake juu ya picha, na ukienda kwenye milisekunde 10 vimelea vikiwa hai utakuwa unaulilia ule mwanga ulioumwaga.

Sasa hili la kompyuta. Msimamizi wako hajakosea, njia ipo na wote tunaitumia: unapiga picha ya kitu kinachowaka sawasawa kote, unapiga nyingine leza ikiwa imefungwa, unatoa giza kwenye zote halafu unagawanya. Picha inatoka nzuri ya kupendeza. Ila kugawanya hakuleti fotoni, yaani chembe za mwanga. Chukulia kimelea cha katikati kinakupa fotoni 1000, kelele yake ya asili ni mzizi wa 1000 yaani kama 32, kwahiyo ishara ni mara 32 ya kelele. Kimelea kilekile kikiwa kwenye kona yenye asilimia 13.5 kinakupa fotoni 135, kelele kama 12, ishara ni mara 12 tu hivi. Ukigawanya unakuza vyote viwili mara saba na ushee, ishara na kelele yake, kwa macho vinalingana ila programu yako ya kuhesabu itaanza kuokota vumbi la kelele kule pembeni na kuita kimelea, au ukipandisha kizingiti itaruka vimelea vya kweli. Kwa mtu anayepima wingi wa vimelea kwenye damu hilo ni jibu tofauti kabisa kwa ng'ombe yuleyule, kutegemea tu vimelea vimeangukia wapi kwenye picha.

Na kuna baya zaidi ambalo linakuhusu wewe moja kwa moja. Unataka kuvirekodi vikitembea. Kimelea kikitoka kona na kuogelea mpaka katikati, kwenye rekodi kitaonekana kinazidi kung'aa, na ukiwa na hamu ya matokeo unaweza ukaandika kwamba kuna kitu kimebadilika ndani ya seli. Hamna kilichobadilika, kimetoka gizani kimeingia kwenye mwanga. Halafu rangi ya katikati inachuja haraka kuliko ya pembeni kwa sababu inapigwa na mwanga mkali, kwahiyo ile picha ya kugawanyia uliyopiga asubuhi, baada ya sekunde chache za rekodi hailingani tena na hali ilivyo. Ndo maana nasema kompyuta iwe ya kumalizia ile asilimia 5 au 10 iliyobaki, sio ya kubeba mlima mzima.

Hicho kifaa cha lenzi nacho nikiseme kwa haki yake maana ni kitu kizuri sana kikipata leza inayokifaa. Wazo lake ni la zamani, B. R. Frieden alilichapisha 1965 na Kreuzer akapata hataza ya mfumo wa namna hiyo 1969. Ni lenzi mbili zenye uso usio wa tufe: ya kwanza inausukuma mwanga uliosongamana katikati uende nje, ya pili inainyoosha miale iende sambamba tena, na karibu mwanga wote unabaki. Sharti lake ni kwamba kinachoingia kiwe Gausi safi, duara, lenye upana uleule uliopangwa kiwandani, na kiingie katikati kabisa. Upana ukizidi kidogo unapata bakuli, ukipungua kidogo unapata kilima. Na hata ukipata Kibo safi usije ukamfokasi kama alivyo mpaka nukta moja, maana pale kwenye fokasi umbo linageuka kuwa kitu kingine, lazima ulisafirishe kama picha kwa lenzi mpaka kwenye sampuli.

Miaka ya nyuma taasisi moja iliniita niwafungie kifaa cha namna hiyo, kilikuwa kimeshanunuliwa, na leza yao ilikuwa ya daiodi kama yako. Tulikaa nacho siku tatu. Tulichopata ni ukingo mmoja mkali kama mwezi mwandamo na upande wa pili giza, kwa sababu yai haligeuki kuwa duara kwa kulilazimisha. Hela ile ingenunua faiba za maabara tatu. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kifaa gani anunue, namuuliza kwanza leza yake inatoa umbo gani.

Haya, faiba. Hapa ndo nataka usome taratibu.

Faiba ninayoisema sio ya kuvutia intaneti mtaani, ile kiini chake kwa kawaida ni maikroni 9 tu. Tunaongelea kiini cha maikroni 400 na namba ya upokeaji 0.22, yaani kipimo cha upana wa koni ya mwanga inayoweza kuingia na kutoka. Ndani ya faiba nene hivyo mwanga wa 488 una njia zaidi ya laki moja na nusu za kupita, na hizo njia zote zinachanganyika humo ndani kiasi kwamba mwanga ukitoka upande wa pili haukumbuki tena kama uliingia ukiwa yai au michirizi. Ni kama maji ya mfongo yakigawiwa kwenye mifereji mingi ya shamba la migomba, kufika chini huwezi kujua tone lipi lilitokea upande gani wa mto. Ndo maana leza mbaya ya daiodi inafaa hapa, na kuingiza mwanga kwenye tundu la maikroni 400 hakuhitaji mkono wa fundi saa.

Sasa mwisho wa faiba una vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna sura yake, yaani lile duara dogo la maikroni 400 linalowaka. Na kuna koni ya miale inayotoka pale na kutawanyika. Kibo yuko kwenye sura. Kwenye koni hayuko, koni mara nyingi imejaa katikati na inafifia pembeni, hasa kama mwanga uliingia faiba kwa pembe ndogo. Kwahiyo unatakiwa uipeleke sura ya faiba pale kwenye slaidi, ionekane kali kabisa kama vile unaipiga picha. Ukiipeleka ile sura nyuma ya objektivu, kwenye slaidi itafika koni, na umerudi kwenye Meru.

Kosa hili linatoka wapi? Linatoka kwenye mafunzo mazuri tuliyopewa wote. August Köhler mwaka 1893 alionyesha kwamba sura ya taa usiipeleke kwenye sampuli, ipeleke kule nyuma, ili ubaya wa taa usionekane kwenye picha, na mpaka leo ndo kila mwanafunzi wa hadubini anafundishwa hivyo. Alikuwa sahihi kwa taa yake. Köhler alikuwa anaikimbia sura mbaya. Sisi sura yetu ndo nzuri, koni ndo mbaya, kwahiyo tunageuza.

Vipimo kwa hadubini yako, chukulia objektivu ni ya mfumo wa tyubu ya milimita 200, yaani 40x ina fokasi ya milimita 5. Mbele ya faiba weka lenzi ya fokasi milimita 8, halafu lenzi ya 200. Hizo mbili zinaikuza sura ya faiba mara 25, ile 0.4 inakuwa duara la milimita 10. Hapohapo kwenye hilo duara funga airisi, yaani tundu la kupanua na kufinya, halafu lenzi nyingine ya 200 iuchukue mwanga kuupeleka kwenye kioo cha kuchuja na objektivu. Objektivu inapunguza mara 40, unapata duara la maikroni 250 kwenye slaidi, na wewe ulalo wako ni 225. Umebakiwa na nafasi ndogo ya kukosea katikati. Nyuma ya objektivu mwanga utakuwa na upana wa milimita 3.5 hivi, na tundu la 40x yenye namba ya upokeaji 0.65 ni milimita 6.5, kwahiyo hamna kinachokatwa. Ila soma maandishi kwenye objektivu kwanza: Nikon na Leica wanatumia tyubu ya 200, Olympus 180, Zeiss 165, hesabu inabadilika kidogo, na kama imeandikwa 160 badala ya ile alama ya nane iliyolala basi sio ya miale sambamba kabisa, itabidi upange upya hiyo lenzi ya mwisho.

Linganisha mwanga. Tuseme unapoteza robo wakati wa kuingiza kwenye faiba, zinabaki miliwati 45. Mstatili wa sensa ni karibu nusu ya lile duara la milimita 10, kwahiyo kabla ya hasara ndogondogo za vioo unapata kama miliwati 22 sehemu unayoiona, tena kona kwa kona. Njia ya kutanua ilikupa 4. Kwa milisekunde 10 hiyo tofauti ndo inaamua kama utaona mkia wa kimelea au utaona kivuli.

Ukipata faiba yenye kiini cha mraba chukua hiyo, hata kama ni ghali kidogo. Inalingana zaidi na sensa na pia inachanganya mwanga vizuri kuliko ya duara. Ya duara ina tabia ya kubakiza kilima kidogo katikati au pete ikiwa fupi na mwanga umeingia umenyooka sana. Dawa yake ni kuingiza mwanga kwa koni pana inayokaribia 0.22, kutumia mita kadhaa badala ya kipande cha nusu mita, na kuizungusha mizunguko kadhaa. Ila 400 ni ngumu, usiikunje chini ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, inavunjika ghafla na hapo una miliwati 45 zinazotoka kwenye jeraha usiloliona.

Tatizo la faiba ni moja tu: chengachenga. Ukiiwasha mara ya kwanza utaona lile duara limejaa doa nyeusi na nyeupe, kama TV zile za zamani antena ikianguka, na utadhani nimekudanganya. Zile njia laki moja na nusu zinagongana zenyewe, hapa mawimbi yanajumlishana pale yanafutana. Usihangaike kuziondoa, zifanye zibadilike haraka kuliko kamera inavyofungua na kufunga. Kanuni yake ni mzizi: ukichanganya chenga za aina 100 tofauti ndani ya picha moja zinabaki asilimia 10, ukitaka 5 unahitaji aina 400. Vile vimota vinavyofanya simu itetemeke vinazunguka mara 150 mpaka 200 kwa sekunde, kwahiyo ndani ya milisekunde 10 kimota kimoja kinamaliza mzunguko mmoja na nusu au miwili tu. Ndo maana nimesema viwili, vifunge sehemu mbili tofauti za faiba na uvipe volti tofauti kidogo ili visiende pamoja, na faiba hapo katikati iwe imelegea inaning'inia, ukiibana kwa gundi haitikisiki inavyotakiwa. Mwisho wa faiba wenyewe ndo ufungwe kama jiwe, ukitikisika huo picha yote inaogelea.

Na hapa leza yako ya bei nafuu ina faida juu ya leza ya maabara kubwa. Daiodi ya kawaida ina upana wa rangi, tuseme kama nanomita 1, maana yake mawimbi yake yanaendana kwa umbali wa kama robo milimita tu halafu yanasahauliana. Ndani ya faiba ya 0.22, njia ya mkato na njia ndefu zaidi zinaachana kama milimita 16 kwa kila mita. Kwahiyo njia nyingi zikifika mwisho haziwezi tena kugongana kwa nguvu, chenga zinapungua zenyewe kabla hata hujawasha kimota. Mita 3 mpaka 5 za faiba zinakufanyia kazi kubwa kimyakimya. Leza safi ya rangi moja ambayo mawimbi yake yanaendana kwa mita nyingi haipati zawadi hiyo.

Kwa ufupi njia nyingine, usije ukasikia ukadhani nimekuficha. Kundi la Suliana Manley kule chuo cha EPFL Uswisi walichapisha 2016 njia ya safu za vilenzi vidogovidogo: kila kilenzi kinachukua kipande chake cha mwanga na kukitandaza eneo lote, vipande vyote vinalala juu ya vingine, pamoja na kioo cha kutawanya kinachozunguka. Ufaransa, 2021, Adrien Mau na wenzake walichapisha njia ya kuzungusha leza kwa vioo vinavyocheza haraka mpaka eneo lote limefunikwa ndani ya picha moja. Wote hao walikuwa wanafanya picha za molekuli mojamoja zinazowakawaka, ambapo ukali wa mwanga usipolingana molekuli za pembeni haziwaki inavyotakiwa na kompyuta haiwezi kurekebisha hata kidogo. Kwa kazi yako ni kupita kiasi.

Na kama ungekuwa unahesabu slaidi zilizokauka tu basi ningekuambia acha leza kabisa, weka LED ya bluu. LED haina chengachenga, haina pete za vumbi, ni rahisi, na kwa kifua kikuu WHO walishapendekeza tangu 2011 hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za taa ya zebaki. Nakuacha na leza kwa sababu unataka vilivyo hai na vinavyokimbia.

Kabla hujafungua bisibisi yoyote pima hali ilivyo leo, maana bila hivyo baadaye hutajua umeboresha nini. Nenda kliniki ya macho uombe zile karatasi za fluoresini wanazotumia kuangalia mikwaruzo kwenye jicho. Loweka moja kwenye maji kidogo sana, weka chembe ya magadi au soda ya kuokea, fluoresini kwenye tindikali inafifia. Tone moja kati ya slaidi na kioo cha juu. Piga picha 20 huku unasogeza slaidi kidogokidogo, chukua thamani ya kati ya kila pikseli, hapo vumbi na mapovu vinajifuta. Hakikisha hamna pikseli iliyojaa mpaka mwisho, leza ipunguze kama zipo, kwa sababu katikati kukijaa utaona bapa la uongo. Kwenye ImageJ, programu ya kupima picha, chora mistari miwili ya ulalo kona kwa kona, andika namba: kona gawanya kwa katikati. Rudia baada ya kila badiliko. Kingine, kona giza inaweza kutokana na upande wa kamera pia, sio leza peke yake, kwahiyo washa taa ya chini ya kawaida bila fluoresensi, na kama kona bado ni giza basi kuna kitu kinakata mwanga njiani kuelekea kamera na faiba haitakisaidia.

Mambo ya mazingira nayapitia haraka. Daiodi inabadilika ikipata joto na umeme wetu unapanda na kushuka, kwahiyo iwashe nusu saa kabla na uilishe kupitia kidhibiti cha mkondo kinachoeleweka, sio chaja. Feni ya chumbani ikipuliza faiba, chenga zinahama kati ya picha na picha, izime au funika faiba na boksi. Lenzi zifunikwe kila jioni, kiangazi vumbi linaingia hata ukifunga madirisha.

Macho. Miliwati 60 ni leza ya daraja 3B, mng'ao mmoja kwenye bisibisi au saa ya mkononi unatosha kuchoma retina na hairudi. Miwani ya kuzuia 488, iliyoandikwa hivyo na kiwango chake cha kuzuia mwanga (OD), sio miwani ya jua. Saa na pete vua. Faiba usiichomoe leza ikiwa inawaka, na usiangalie kwenye tundu la kutazamia mpaka uhakikishe kichujio kimekaa. Wakati wa kuelekeza mwanga kwenye faiba punguza leza mpaka chini kabisa, ukishapata ndo upandishe.

Kwahiyo wiki hii fluoresini na ile mistari miwili, halafu jaribu kutanua kwa lenzi mbili uone kona zimefika ngapi, na wakati unasubiri faiba tengeneza kishikizo cha vimota. Faiba ikifika, sogeza lenzi ya milimita 8 mbele nyuma mpaka uone ukingo wa duara kwenye slaidi umekuwa mkali kama umekatwa na wembe. Ukingo ukiwa na ukungu ujue bado hujaifikisha sura mahali pake, endelea kusogeza.